Mafuta ya Damu Kabla ya Kemo: Kipimo Hiki Tukipe Uzito Gani?

Mwanamke anayetoka Ahero alfajiri bila kuonja hata chai, ili akapimwe mafuta ya damu mjini Kisumu, Kenya, hutolewa damu ya kichupa kimoja tu. Kichupa hicho kikishazungushwa kwenye mashine na chembe nyekundu kutuama chini, majimaji yanayobaki juu huwa ya manjano maangavu, au, trigliseridi (aina mojawapo ya mafuta ya damu) zikizidi mno, huwa na weupe kama maji yaliyosuuza kikombe cha maziwa. Watafiti wa saratani ya matiti wanajiuliza kama majimaji hayo yanaweza kubashiri jinsi uvimbe utakavyoitikia kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, inayotolewa kabla ya upasuaji.

Wanaolitetea wazo hili wana hoja nzito. Seli ya saratani inayogawanyika kwa kasi huhitaji lehemu (kolesteroli) ili ijenge utando wake, na mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba zao moja la lehemu, 27-hidroksikolesteroli, hujishikiza kwenye vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo ya kike, na kuukuza uvimbe. Isitoshe, kipimo chenyewe ni cha bei nafuu na hakimdai mgonjwa kuchomwa tena ili kutolewa kipande cha uvimbe (biopsi).

Hata hivyo, nikitazama ushahidi wa wagonjwa wenyewe, nasita. Tafiti nyingi, hasa za China, zimefanywa kwa kufukua mafaili ya zamani ya hospitali moja moja, na hazikubaliani: huku HDL, ile iitwayo lehemu nzuri, ndiyo inayoonekana kuwa na maana, kule ni trigliseridi, na kila utafiti unajiwekea mpaka wake kati ya kiwango cha juu na cha chini.

Tukiileta mipaka hiyo huku kwetu, mambo yanazidi kuwa magumu. Mama aliyefika hospitalini akiwa amechelewa, amekonda na asiyekula vizuri, anaweza kuwa na lehemu ya chini kwa sababu ugonjwa umemla, si kwa sababu mwili wake umejiandaa kupokea dawa. Wagonjwa wengine wanaishi na VVU, na baadhi ya ARV, hasa zile za kundi la lopinavia, hupandisha mafuta ya damu zenyewe. Kemo nayo huyavuruga mafuta hayo, pamoja na deksamethasoni, dawa ya kuzuia mzio inayotolewa kabla ya paklitakseli, mojawapo ya dawa za kemo, hivyo damu iliyotolewa baada ya dozi ya pili inasimulia habari nyingine kabisa.

Tena tayari tunacho kipimo chenye nguvu zaidi: kile cha vipokezi vya uvimbe wenyewe, yaani vya estrojeni, projesteroni na HER2. Uvimbe wenye HER2, na ule usio na kipokezi chochote kati ya hivyo vitatu, huyeyuka kabisa kwa kemo mara nyingi kuliko ule unaotegemea estrojeni. Familia yenye fedha za kipimo kimoja ilipie vipokezi kwanza. Hapo sina shaka hata kidogo.

Sisemi mafuta yasipimwe. Yapimwe, kwa kuwa baadhi ya dawa za kemo huumiza moyo na daktari anapaswa kuijua hali ya mgonjwa mapema, ila yasiwe sababu ya kumnyima mtu kemo wala kumbadilishia. Damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza, na kando ya matokeo iandikwe aina ya ARV, uzito wa siku hiyo na kama hedhi imekoma, ili watafiti wa Kisumu, Eldoret na Nakuru wapate mafaili ya wagonjwa wetu wenyewe ya kulinganisha.