Mama amesema habanduki

Kila Desemba, mabasi yakishamwaga watu Machame, Marangu na Rombo kule Kilimanjaro, na nyama ikishaliwa, kuna kikao hufanyika katika nyumba nyingi za wazee. Ajenda huwa moja: mama. Watoto waliotoka Dar, Arusha au ughaibuni wameshajionea. Ndani ya saa moja mama kauliza mara nne wamekuja na basi gani. Mjukuu kaitwa kwa jina la marehemu mjomba wake. Sufuria iliyounguza maharage hadi kitako kikawa cheusi ndani na nje imekutwa imefichwa nyuma ya banda la ng'ombe. Basi kaka mkubwa anatoa hoja: mwaka huu tunaondoka naye. Mama, ambaye wote walidhani hasikilizi, anajibu kutoka kwenye kiti chake kwamba yeye habanduki pale, na anayetaka kuondoka barabara anaijua.

Hapo kikao huvunjika. Wapo wanaosema mama ni mtu mzima, kwake ni kwake, aachwe. Wapo wanaouliza siku nyumba ikiungua naye akiwa ndani tutamweleza nini mchungaji. Nimesikia mabishano haya katika zaidi ya familia moja, na kila mara naona pande zote mbili zina hoja nzito, na zote mbili zina jambo zisilolisema. Kwa maoni yangu, "ahame au abaki" ni maswali kama kumi yaliyofungwa pamoja, ndiyo maana hayajibiki kwa mkupuo.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kwetu usahaulifu wa mzee huitwa uzee tu na mambo yakaishia hapo. Lakini dimensia ni ugonjwa wa ubongo, au tuseme ni kundi la magonjwa: Alzheimer peke yake inachukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa, na presha isiyotibiwa, pamoja na viharusi vidogovidogo inavyoleta, ina fungu lake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayedhani ni ugonjwa wa Wazungu aangalie wilaya ya Hai, hukohuko Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima wazee wa miaka 70 na kuendelea vijijini na kukuta takriban asilimia 6.4 wana dimensia. Ni kama mzee mmoja katika kila 16.

Kazi hiyo ya Hai ilizaa pia kipimo kifupi kwa ajili ya wazee ambao hawakupata shule. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, mwenyekiti wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani. Anatajiwa maneno kumi ayakumbuke baadaye, anataja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kama alivyooneshwa. Hakuna kalamu wala karatasi. Nakitaja kwa sababu familia nyingi huamua kumhamisha mzee kabla hajapimwa na mtu yeyote. Tezi ya shingoni ikilegea, vitamini B12 ikipungua, sonona ya kufiwa na mume, damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka, hata dawa alizoandikiwa mwenyewe: vyote hivi vinaweza kumfanya mtu aonekane amepoteza kumbukumbu, na vingine vinatibika. Na kama jana alikuwa mzima na leo anaongea na watu wasioonekana, hilo si la kusubiri kikao cha Desemba. Huenda ni UTI, malaria au nimonia, na safari ya hospitali ni siku hiyohiyo.

Tuseme amepimwa, na ni dimensia kweli. Upande wa "abaki" una nguvu kuliko watoto wa mjini wanavyodhani. Mtu anayepoteza kumbukumbu hapotezi zote kwa pamoja. Ya jana hutangulia kwenda. Ya mikono na miguu hukawia. Mama aliyeshindwa kumtaja mwenyekiti bado anakata majani ya ng'ombe, anajua mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, unapita wapi, anajua mgomba upi uko tayari, anafika jikoni gizani bila kujikwaa. Kihamba kile, yaani shamba la ukoo lenye nyumba yake, na kaburi la mumewe likiwa hatua chache kutoka mlangoni, kinamkumbusha kila asubuhi cha kufanya. Ukimwondoa pale umemwondolea nusu ya akili iliyobaki.

Mfikirie sasa akiwa Kimara, Dar. Geti limefungwa, wakubwa wako kazini, watoto shuleni, televisheni inaongea. Choo kiko mlango wa tatu kulia, na hilo ni jambo jipya, yaani ndilo hasa ambalo ubongo wake hauwezi tena kulishika. Anajikojolea, na binti wa kazi ananuna. Kiswahili alijifunza ukubwani, na wagonjwa wa namna hii mara nyingi hurudi kwenye lugha ya kwanza. Anaomba maji kwa Kimachame na hakuna mjukuu anayemwelewa. Ikifika saa kumi na moja jioni, saa ambazo wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi, anafunga kanga na kudai kwenda nyumbani. Watoto huona vituko hivi na kusema ugonjwa umekolea tangu tumlete. Sehemu ni ugonjwa, sehemu ni Kimara.

Upande wa pili nao haupigi kelele bure. Kwanza, mama anaposema "mimi mzima, sina shida", mara nyingi si ubishi wala uongo. Ugonjwa huu huharibu pia uwezo wa kujiona unaumwa. Amesahau kwamba anasahau. Kwa hiyo hoja ya "mwenyewe amekataa" ina ufa: amekataa akiwa na picha yake mwenyewe ya miaka kumi iliyopita. Pili, hatari zenyewe zipo. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi na mlango ukafungwa linaua bila kutoa hata harufu. Dawa ya sukari ikimezwa mara mbili kwa sababu ya kwanza imesahauliwa inaweza kumwangusha kabla ya saa sita mchana. Atakuambia amekula, na kweli anaamini amekula, huku ugali wa juzi umeota ukungu kabatini. Na matapeli wa simu, wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", hawamtafuti mtu mwingine zaidi yake.

Ipo hatari nyingine ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji, nayo kwetu ni kubwa. Mzee akitoka usiku nusu uchi, akakutwa alfajiri kwenye uwanja wa jirani akiwa hajui alifikaje, kuna mahali atafunikwa kanga na kurudishwa kwake, na kuna mahali ataitwa mchawi. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kisa ni macho mekundu tu, ambayo moshi wa kuni wa miaka hamsini unatosha kuyaeleza. Kabla hujasema mama abaki peke yake, ujue majirani zake ni watu wa namna gani.

Sasa yale yasiyosemwa kikaoni. Wapo wanaosema "abaki, ndiyo anavyotaka" kwa sababu akibaki hawatoi kitu: wanatuma hela kidogo mwisho wa mwezi, wanapiga simu Jumapili, dhamiri imetulia. Na wapo wanaosema "ahame" kwa sababu akihama kihamba kinabaki wazi. Yule mwenye haraka ya kumleta mama Dar wakati mwingine ndiye mwenye haraka ya karatasi ya kuuza kihamba yenye dole gumba la mama. Sheria ya mikataba ya Tanzania haimtambui mtu asiye na akili timamu wakati wa kusaini, lakini mpaka mtu afike mahakamani kuthibitisha hali ya mama siku ile, ukuta wa jirani mpya umeshafika kwenye lenta. Hata familia zenye nia njema zina lao: wakati mwingine tunamhamisha mzee ili sisi tulale usingizi, kisha tunasema tumefanya kwa ajili yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imeweka pande zote mbili mahali pamoja. Mzee ana haki ya kushiriki kikamilifu katika jamii na kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na ana haki ya kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia yake na serikali. Haisemi ifanyweje haki hizo mbili zikigongana. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 2005, walikwenda hatua zaidi: uwezo wa mtu hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja, na kufanya uamuzi wa kipumbavu si ushahidi kwamba huna uwezo wa kuamua. Sioni kwa nini tusiliazime wazo hilo, hata kama huku hakuna afisa ustawi wa jamii wa kulisimamia kila kijiji.

Tukiazima, kikao kinabadilika sura. Mama hawezi tena kushika namba ya siri ya simu: hilo lichukuliwe, na lichukuliwe na watoto wawili, asiwe mmoja. Hawezi kujigawia dawa: zikae kwa jirani au kwa muuguzi wa zahanati. Jiko la mkaa litolewe ndani, mtungi wa gesi ufungwe usiku. Lakini alale wapi, avae nini, aende kanisani na nani, amfuge ng'ombe wake au la, hayo bado anayaweza, na akikosea hakuna anayekufa. Ng'ombe huyo mwacheni. Nimesikia watoto wakimuuza "ili mama apumzike", na mama akakosa sababu ya kuamka.

Kisha aletwe mtu wa kukaa naye, badala ya yeye kupelekwa kwa watu. Hapa ndipo penye mgogoro wa kweli, maana atasema hataki mgeni nyumbani kwake, na siku ya tatu atasema mgeni huyo kamwibia kitenge. Familia nyingi hutumia ujanja: "Mama, huyu ni mtoto wa rafiki yetu, anatafuta pa kukaa, tunaomba umsaidie." Kuna wanaoona huku ni kumdanganya mzazi. Mimi naona si uongo mkubwa, mradi binti huyo kweli hana pa kukaa na mama kweli anamsaidia kwa namna fulani. Kumpa mzee nafasi ya kuwa mwenyeji kunamhifadhia hadhi ambayo neno "mlezi" linamvua mbele ya kijiji kizima.

Usiniulize kuhusu makazi ya wazee. Yale ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Sebleni Unguja, yaliwekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza. Mama mwenye watoto watano wenye kazi hana foleni pale.

Kuna mstari, lakini. Akishapotea usiku, hata mara moja. Moto ukishawaka. Uzito ukishuka ilhali kuna mtu anayepika. Akishindwa kuita msaada akianguka. Hapo "hataki" haitoshi tena, na mtoto anayeendelea kulisema neno hilo anajificha nyuma yake. Ila akihamishwa ahamie mahali pamoja. Ule utaratibu wetu wa kumzungusha, miezi mitatu kwa kaka, miezi mitatu kwa dada, ili kila mmoja abebe zamu yake, ni haki kwa watoto na ni adhabu kwa mama: kila akianza kuujua mlango wa choo, anafungiwa begi. Kinachopaswa kuzunguka ni watoto na hela zao. Aliye karibu atoe muda, aliye mbali atoe pesa, na pesa hizo ziwe nyingi kuliko zinavyotolewa sasa.

Maana kwa kawaida mzigo humwangukia mmoja, naye si kaka mkubwa aliyetoa hoja Desemba. Ni dada asiyeolewa, au mke wa mziwanda, aliyeachiwa nyumba na mama mkwe pamoja. Yeye ndiye anayeamka saa nane usiku kumrudisha kitandani, yeye ndiye anayeitwa mwizi, na yeye ndiye anayepigiwa simu kutoka mbali kuulizwa mbona mama amekonda. Kikao kijacho kabla hakijamjadili mama kimpe yeye nafasi ya kusema, kisha kiandike kwenye daftari mwezi gani nani atakuja kukaa wiki mbili ili aondoke kwenda kwao.