Mto Sabis, 57 KK: Nani Aliliokoa Jeshi la Caesar?

Vita vya mto Sabis vikitajwa, wengi hukumbuka jambo moja: jemadari wa Kirumi Julius Caesar kumnyang'anya askari wa safu ya nyuma ngao yake, maana yeye alifika bila ngao, kisha kwenda mbele akiwaita maakida (maofisa wa vikosi vidogo) kwa majina. Kwa tendo hilo amesifiwa kuwa ndiye aliyeliokoa jeshi. Mimi naona sifa hiyo imezidi.

Aliivamia nchi ya Wanervii, kabila la kaskazini mwa Galia (takriban Ufaransa na Ubelgiji za leo), akiwa na lejioni nane, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi. Sita kati yake zilikuwa zikijenga kambi juu ya kilima, huku Wanervii na washirika wao wamejificha msituni ng'ambo ya mto wenye kina cha futi 3 hivi. Wapanda farasi aliowavusha walitimuliwa mara moja. Wapiganaji wa Boduognatus, kiongozi wa Wanervii, walivuka na kupanda kilima kwa kasi ambayo haikuwapa Warumi hata nafasi ya kuvaa kofia za chuma wala kuvua vifuniko vya ngao. Kuwaacha askari wachimbe handaki bila kikosi cha kutosha cha kuwalinda, na adui yuko pale pale, ni kosa la jemadari.

Hata hivyo wanaomtetea wana hoja nzito. Upande wa kulia, lejioni ya 12 ilisongamana hadi askari wakawa wanazuiana kupigana, na karibu maakida wake wote walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Caesar alipoingia katikati yao moyo uliwarudi, na amri yake ya kupanua safu ikawapa nafasi ya kutumia panga. Aidha, ni yeye aliyewakataza makamanda kuziacha lejioni zao kabla ujenzi haujaisha.

Lakini moyo peke yake hauvunji mzingiro. Aliyeugeuza mchezo ni Labienus, naibu wa Caesar, ambaye baada ya kuiteka kambi ya adui ng'ambo aliona hatari kutoka juu, akairudisha lejioni ya 10. Na Caesar mwenyewe anakiri kwamba askari walijua la kufanya bila kungoja amri.

Kumbuka pia kwamba simulizi lote hili tunalipata kwake. Anadai kati ya wapiganaji 60,000 wa Wanervii walibaki 500 tu. Lakini mwaka 54 KK Wanervii hao hao waliizingira kambi ya Quintus Cicero, kamanda wa Caesar, kwa nguvu zilizomlazimu Caesar aje mwenyewe kumwokoa.