Rukuu Yangu ya Peke Yangu Siku ya Idi

Kwa kuwa sahibu yangu amekwisha kuwasimulia wengi wenu kwamba siku ya Idi nilisujudu peke yangu katikati ya uwanja, naona ni haki yangu kueleza yaliyotokea kabla habari haijafika mahali itakaposemwa kwamba nililala kabisa. Sikusujudu. Nilirukuu tu, yaani niliinama viganja vikiwa magotini bila kugusisha paji la uso chini, na tofauti baina ya mambo hayo mawili ni kubwa, hasa kwa mtu aliyebakiwa na heshima kidogo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba usiku wa kuamkia Idi mimi ndiye niliyewakalisha wapwa zangu na kuwafundisha swala yenyewe: kwamba haina adhana wala ikama, ule wito wa pili wa kusimama kuswali, kwamba ni rakaa mbili, kwamba sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi huleta takbira, yaani kusema "Allahu Akbar", 7 katika rakaa ya kwanza, mbali na ile ya kuhirimia inayofungua swala, na 5 katika ya pili, na kwamba wenzetu wa Hanafi huongeza 3 kila rakaa. Mkubwa wao aliniuliza, "Mjomba, na mtu akipotewa na hesabu?" Nilimjibu, kwa sauti ambayo leo natamani ningeimeza, kwamba mwenye akili timamu hashindwi kuhesabu mpaka saba.

Asubuhi nilioga, nikala tende tatu kama ilivyo sunna kabla ya kutoka siku ya Idul Fitri, nikavaa nguo mpya, nikaenda uwanjani nikileta takbira njia nzima, kisha nikajipenyeza mpaka safu ya kwanza. (Mliokwisha kuanza kucheka mliposikia safu ya kwanza, nawaona.)

Takbira ya kwanza, ya pili na ya tatu nilizifuata barabara. Katika ya nne lilinijia wazo la zakatul fitri, ile zaka ya lazima ya kumalizia Ramadhani, ambayo ikicheleweshwa mpaka baada ya swala huhesabiwa sadaka ya kawaida: je, yule mpwa niliyemtuma usiku aliifikisha kwa wenyewe? Nikiwa bado naliandama wazo hilo, imamu akaleta takbira ya tano, na mgongo wangu, uliozoea mwaka mzima kwamba takbira ikisikika mtu akiwa amesimama basi kinachofuata ni rukuu, ukainama wenyewe bila kunitaka ushauri.

Niliinama vizuri mno, viganja juu ya magoti, nikasema "Subhana Rabbiyal Adhim" ya kwanza kwa utulivu. Kabla sijamaliza ya pili niliona miguu ya jirani yangu wa kulia imenyooka wima, na kidole gumba kimetokeza kwenye tundu la soksi, kikichezacheza kana kwamba kinanipungia. Upande wa kushoto pindo la nguo ya sahibu yangu lilikuwa likitetemeka, na mtu hatetemeki namna ile kwa unyenyekevu. Imamu akaleta takbira ya sita, nami nikawa bado napima kama ni aibu zaidi kuinuka au kubaki, ndipo sauti ya mtoto ikasikika safu ya nyuma, safi kabisa: "Baba, huyu mjomba anatafuta nini?"

Niliinuka polepole, kwa mwendo wa mtu aliyekipata alichokuwa akikitafuta.

Katika rakaa ya pili niliapa moyoni kwamba sitadanganywa tena. Imamu alipomaliza kusoma na kuleta takbira, ambayo safari hii ilikuwa ya rukuu kweli, niliinua mikono, nikaifunga kifuani na kutulia, huku uwanja mzima ukiinama na kuniacha nimesimama kama mlingoti wa jahazi.

Mengine hayana urefu. Mwalimu alinihakikishia kwamba swala haikubatilika, hotuba, ambayo siku ya Idi huja baada ya swala, sikumbuki hata neno lake moja, na fitri ilikuwa imefika tangu usiku. Watu walipoanza kukumbatiana na kuombeana kukubaliwa ibada zao, niliikumbuka sunna ya kurudi kwa njia nyingine, nikaitekeleza kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo, karibu kwa kukimbia. Nilipokata kona nilimkuta sahibu yangu anakuja, amezungukwa na wapwa zangu wote watatu, kwa sababu sunna hiyo naye anaijua.

"Mjomba," akaanza yule mkubwa, "saba ni nyingi, eti?"