Chumba kipya, ukuta unatoa jasho

Tangazo linasema "imekarabatiwa upya, kila chumba na hadithi yake". Kumbe nyuma ya kitanda, usawa wa magoti, rangi imevimba kama andazi, na ukiikwaruza kwa ukucha unatoka unga mweupe. Hoteli haijatimiza hata mwaka. Hadithi ya chumba ndiyo hiyo.

Hoteli za namna hii zimejaa Mji Mkongwe, Zanzibar, na maradhi yao ni mamoja: saruji. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita au zaidi, na chini hazina chochote cha kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, na miaka yote yalikuwa yakitoka taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukipiga lipu ya saruji umeyafungia ndani. Hayaachi kupanda. Yanakwenda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na yamebeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya lipu inatanuka na kuibandua. Anaitwa fundi, anakwangua, anapiga saruji nyingine. Hongera zake.

Balaa kubwa ni boriti. Vichwa vya boriti za mikoko vimezama ukutani. Ukuta ukibaki na maji vinaoza, na hakuna anayeona kwa sababu lazima dari ifunikwe jipsamu ili chumba kiwe "cha kisasa". Halafu juu ya boriti hizohizo wanaweka hodhi la kuogea. Lita 200 za maji ni kilo 200, bado hodhi lenyewe, bado mgeni.

Dawa si siri. Bandua saruji yote hadi kama nusu mita juu ya alama ya unyevu, viraka havisaidii. Acha ukuta ukauke, na hapo tunahesabu miezi. Chokaa izimwe kwa maji, ilowekwe shimoni wiki kadhaa, maana punje zisizozimika zitafutuka baadaye na kuitoboa lipu. Changanya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio na chumvi. Mchanga wa ufukweni unarudisha adui uleule uliyemfukuza. Piga tabaka jembamba, sentimita moja hivi, nyunyizia maji siku kadhaa lisipasuke, ndipo upige jingine. Malizia kwa chokaa ya kupaka, mikono mitatu au minne. Rangi ya plastiki iache dukani.

Haya, nakiri: wenye hoteli wameokoa nyumba ambazo leo zingekuwa magofu. Beit al-Ajaib, jumba la sultani hapo Mji Mkongwe la mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, kwa hiyo kazi yenyewe si lelemama. Na chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa, wakati mwenye mradi anawataka wageni wa Julai. Lakini mlango wa kuchonga unang'arishwa mafuta mpaka unajiona ndani yake, ukuta unaoubeba unazibwa pumzi!



Wewe unayelipa, omba kuona chumba kwanza. Sogeza kitanda. Gonga ukuta chini ya mita moja. Ukilia utupu, lipu imeachia. Angalia pembe za dari zilizo chini ya bafu la juu. Kisha nusa, na udi ukiwa umezidi kiasi, uliza unaficha nini.