Nilikula Glovu Moja Tu, Acheni Kuongeza

Jamani, kabla hamjaendelea kusambaza, ilikuwa glovu moja. Na hiyo moja yenyewe sikuimaliza, ni ncha ya kidole tu. Mshikaji wangu anayewatumia sauti kwenye makundi, akiapa kwamba nilikula jozi nzima na nikaomba nyingine ya kufungiwa niende nayo nyumbani, mnamjua vizuri. Ndiye aliyetutangazia kuwa mwenye nyumba wetu amefariki, tukachanga rambirambi, kumbe mzee wa watu yuko Tanga kwa binti yake anakula sikukuu. Kwa hiyo nimeona niseme mwenyewe, ingawa aibu bado ya moto na tumbo silielewielewi.

Ofisini kwetu kuna dada wa uhasibu. Naishia hapo, wenye kuelewa mmeelewa.

Chakula changu cha mchana siku zote ni kwa mama lishe, nyuma ya jengo letu pale Kariakoo. Benchi la mbao, turubai juu, sufuria zimepangwa mezani na vifuniko vyake. Wali maharage 2,000, mchicha pembeni, ndimu na pilipili mbuzi ziko kwenye kisahani, unajipimia mwenyewe. Ukikaa unaletewa beseni na jagi, unamwagiwa maji, unanawa, unakula kwa mkono wako uliopewa na Mungu. Na ukiwa mteja wa kuamkia watu vizuri, mama anakudondoshea kipande cha nyama ambacho hukukilipia, wala hasemi kitu, anaendelea kupakua. Hiyo ndiyo nyongeza. Nyongeza haiombwi, inakuja yenyewe kwa mtu mwenye adabu zake. Lishikeni hilo la nyongeza, maana ndilo lililoniponza.

Sasa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara umeingia, mimi na mshikaji tulishakubaliana kwenda kupiga zege Magomeni. Kuna kijana pale anakaanga chipsi mayai kwa mkaa, anageuza kikaango kwa sahani bila kuangalia, huku anakurudishia chenji kwa mkono mwingine. Ndiyo mipango ya wanaume wawili wasio na makuu. Mara dada wa uhasibu akapita na mkoba wake, akasema, “Nyie kila siku chipsi mayai? Twendeni tukale baga.”

Mshikaji anasema nilijibu “ndiyo” kabla dada hajamaliza sentensi. Hapo hajadanganya.

Tukapanda mwendokasi hadi Morocco, tumesimama njia nzima, nimebanwa kwapani mwa mtu nisiyemjua, lakini natabasamu. Kutoka hapo bajaji hadi Mikocheni. Sehemu yenyewe siitaji, hawana kosa lolote, msije mkaenda kuwasumbua watu na biashara yao. Kiyoyozi kinapuliza, viti virefu miguu inaning'inia, muziki mkubwa, bei zimeandikwa kwa chaki ukutani. Baga ya kawaida 14,000. Ukitaka jibini, ongeza 2,000.

Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Hiyo 2,000 ni sahani nzima ya wali maharage na mchicha wake. Nitoe sahani nzima kwa kijibini chembamba kisichojaza hata jino? Nikamwambia mhudumu kwa sauti ya mtu aliyezoea, “Mimi niletee ya kawaida, kaka. Jibini huwa hainipendi.” Uongo mtupu. Jibini na mimi hatujawahi hata kugombana.

Kilichonivimbisha kichwa ni hiki. Dada akawa na wasiwasi, akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo nyama si nguruwe, maana amesikia kuna “ham” ndani ya hilo jina. Nami nikapata nafasi yangu. Nikakaa sawa, nikamweleza kwamba nyama ni ya ng'ombe, na jina linatokana na Hamburg, mji wa bandari kule Ujerumani, halihusiani na nguruwe. Mhudumu akatikisa kichwa kukubali. Dada akaniangalia jicho fulani hivi, la mtu anayekuhesabu upya. Jamani, ningeondoka dakika hiyo hiyo, leo hii ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Baga zikaja. Ndefu, zimechomekwa kijiti katikati zisianguke. Mayonezi inachungulia pande zote. Chipsi ziko kwenye kikopo, chache, zimesimama wima. Na pembeni ya kila sahani, kipakiti kidogo kimefungwa.

Nikakifungua nikijua ni kitambaa cha kunawia. Kumbe ni glovu. Zile za nailoni, nyepesi, zisizo na rangi, unaona mpaka kucha zako ndani yake. Zile wanazovaa saluni wakipaka watu dawa ya nywele.

Nikatupa jicho meza za jirani. Wote wamevaa. Dada anavaa zake taratibu, kidole kwa kidole, mtu wa kuzoea. Nikavaa na mimi. Tatizo glovu zenyewe zilishonwa kwa ajili ya mcheza kikapu, vidole vyangu vikaishia njiani, kila ncha ikabaki tupu inapepea. Mshikaji yeye akakataa kuvaa, akaenda kunawa kwenye sinki akarudi na mikono yake mitupu. Nikamdharau. Nilimwona mshamba kabisa.

Sasa twendeni polepole, maana hapa ndipo yeye anaporukaruka kwenye zile sauti zake.

Pande la kwanza lilipita salama. Nyama, saladi, mkate laini, kitamu, sisemi uongo. La pili likapita. La tatu nikaliendea upande wa kulia, pale ambapo kidole cha shahada kilikuwa kimeikandamiza baga kwa juu. Baga ilishaanza kusambaratika, mayonezi inanitiririkia hadi kwenye kiwiko, na ile ncha tupu ya glovu imelala juu ya mkate, imeloa, haionekani. Nikafungua mdomo. Nikauma.

Meno ya mbele yakakutana na kitu kisichokatika. Nikavuta. Kikavutika. Nikarudisha kichwa nyuma kidogo, kikazidi kuvutika, utepe mwembamba unang'aa kwenye taa kutoka kwenye baga hadi mdomoni kwangu. Akilini likaja jambo moja tu: jibini. Si mmeziona zile picha za matangazo, mtu anainua kipande cha piza, jibini inamfuata haitaki kukatika? Ndiyo hii sasa. Nikabana taya, nikavuta kwa nguvu. Pap! Ikakatika.

Nikaanza kutafuna.

Wapendwa, nilitafuna. Kulia, kushoto, kulia tena. Haina chumvi. Haina utamu. Haiyeyuki. Naikamata kwenye gego, inateleza, naifuata na ulimi, inajikunja, inarudi. Mtu mwenye akili zake angetema hapo hapo. Mimi nikajipa moyo kwamba ubora ndivyo ulivyo, vitu vya bei havimalizwi kwa pupa.

Halafu nikakumbuka: mbona niliagiza ya kawaida?

Na jibu nikajipa mwenyewe, bila kuulizwa na mtu. Nyongeza! Wameniona mtu wa maana, nimeongea nao vizuri, nimeitaja Hamburg, mpishi kasema huyu asiondoke hivi hivi. Nikamgeukia dada, mdomo bado unafanya kazi, nikamwambia, “Umeona? Wameniwekea jibini ya bure. Ukijua kuishi na watu, unaheshimika kila mahali.”

Dada akasema, “Ehee?” Akasogeza kichwa aione.

Na mimi sikuishia hapo. (Wewe uliyeniandikia jana kwamba aibu zangu nazitafuta mwenyewe, sikujibu, lakini nilisoma.) Mhudumu alikuwa anapita, nikamsimamisha kwa mkono, tena mkono ule ule, nikamwambia, “Kaka, mpe hongera mpishi. Jibini yake kali sana. Inavutika!”

“Jibini?”

“Ndiyo, jibini.”

Akaangalia sahani yangu. Akaniangalia mimi. Akasema, “Ngoja niulizie jikoni.”

Nikameza. Nikaisindikiza na soda. Ikashuka, ikasimama kidogo kooni inatafakari, kisha ikaendelea na safari.

Ndipo nikahisi baridi. Kiyoyozi kilikuwa juu ya meza yetu, na baridi haikuwa mkono mzima, ilikuwa sehemu moja tu. Nikashusha macho. Vidole vinne vimesitirika vizuri ndani ya nailoni. Cha shahada kiko nje, peke yake, kimetokeza kama dole gumba kwenye soksi ya mwanafunzi wa bweni, kina mayonezi kichwani.

Nikakitazama. Nikaitazama baga. Nikainua mkate taratibu nikachungulia, ncha haipo. Nikaangalia sahani, haipo. Nikadondosha tishu makusudi ili nipate sababu ya kuchungulia chini ya meza. Haipo.

“Unatafuta nini?” dada akauliza.

“Hamna kitu. Tishu.”

Na mhudumu akarudi. Muziki ulikuwa juu, kwa hiyo ilibidi apaze sauti, simlaumu. Akasimama pale, mikono nyuma, kwa heshima zote, akasema, “Samahani kaka, nimeulizia jikoni. Baga yako ni ya kawaida. HAINA JIBINI.”

Dada akaangalia baga. Akaangalia mdomo wangu. Kisha macho yake yakashuka taratibu hadi kwenye kidole. Nilitaka kukificha, nikashindwa nikifiche wapi, nikabaki nimekisimamisha vile vile juu ya meza. Hakuna aliyesema neno. Mshikaji alishainua simu, ile video mliyoiona inaanzia hapo.

Meza ya pili kulikuwa na mtoto wa miaka mitano hivi, ana sosi mpaka kwenye nyusi. Akasema, kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona, “Mama, yule anko kala mfuko.”

Mama yake akamshika mkono haraka. “Shii! Usimnyooshee kidole.”

Basi. Hilo neno kidole ndilo lililoniua. Dada alikuwa amejikaza mpaka machozi yanamlenga, aliposikia vile soda ikamtoka puani. Akalala juu ya meza. Mhudumu akageuka ukutani, mabega yanamcheza. Mama wa mtoto naye akajifunika mtandio. Mshikaji anawaambia kwamba nilizimia. Sikuzimia. Niliinama kufunga kamba za viatu. Kwamba nilikuwa nimevaa makubazi, hilo ni suala jingine.

Yaliyofuata hayana maana sana. Tulilipa, au walilipa, sikumbuki. Nilifungashiwa chipsi za kunipoza, mshikaji akazimaliza kwenye bajaji huku ananikumbusha kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi hii tangu Juni 2019, na kwamba nikipita mbele ya polisi nitembee kawaida nisije nikakaguliwa. Tukasimama famasi. Yule dada wa famasi aliniomba nirudie nilichokula, nikarudia, akaniomba nirudie tena, kisha akamwita mwenzake kutoka ndani aje asikie na yeye. Wakaniambia kipande ni kidogo na chepesi, ninywe maji, nile kama kawaida, tumbo likiuma au nikitapika niende hospitali. Halikuuma. Kilichouma ni kingine.

Jumatatu nimekuta boksi la glovu juu ya meza yangu, limefungwa utepe mwekundu. Bosi naye, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka tangu niajiriwe, kwenye kikao akauliza kama kuna mwenye hoja, akanitazama, akasema, “Au una kitu mdomoni?” Hata kwa mama lishe habari ilishatangulia. Amenimwagia maji ya kunawa huku kabana midomo, nilipomaliza akauliza, “Leo hujaja na mifuko yako, baba?” Halafu akanidondoshea kipande cha nyama, nyongeza. Nilikigeuza pande zote kabla ya kukila.

Dada wa uhasibu bado tunaongea. Tena tunaongea zaidi ya zamani, ila kila nikianza sentensi ya maana anaangalia mkono wangu.

Na nyinyi mnaonijia faraghani mmoja mmoja kuuliza kama imeshatoka, watu wazima na familia zenu: imetoka. Picha sina.