Mguso wa roboti na ujuzi wa mkono: mashine inajua nini inapopapasa kitu?

Kwa miaka mingi roboti zimefunzwa kuona zaidi kuliko kugusa. Kamera ni rahisi kupatikana, picha zimejaa kwenye intaneti, na kompyuta iliyoonyeshwa picha nyingi za vikombe hukitambua kikombe papo hapo. Lakini picha haisemi kama kikombe kimejaa au ni kitupu, wala kama kitateleza kikishikwa na mkono uliolowa. Ndiyo maana watafiti wengi wamegeukia ngozi bandia inayohisi mguso, na sasa tunaambiwa kwamba mashine inaweza kujua uzito, ugumu, msuguano na hata kitu kimetengenezwa kwa nini, kwa kukigusa tu. Dai hilo linafaa kupimwa kwa makini, hasa na sisi wa Lamu, ambako riziki ya watu wengi ingali inapita viganjani: fundi wa jahazi, mchonga milango, mvuvi, kuli wa gatini.

Wanaoitetea teknolojia hii wana hoja nzito, na ni haki kuanza nao. Mwaka 1987 wanasaikolojia Susan Lederman na Roberta Klatzky walionyesha kwamba binadamu hapapasi ovyo. Akitaka kujua kama kitu kinakwaruza, husugua. Akitaka kujua ugumu, hubonyeza. Akitaka kujua ubaridi, hutuliza kidole bila kukisogeza. Akitaka kujua uzito, hukiinua kitu bila kukiegemeza popote. Kila sifa ina mwendo wake. Watengenezaji wa roboti walilizingatia jambo hili. Mwaka 2012 Jeremy Fishel na Gerald Loeb wa Chuo Kikuu cha Southern California walitumia kidole bandia kiitwacho BioTac, chenye ngozi laini na umajimaji ndani, ambacho hupashwa joto ili kihisi jinsi kitu kinavyolinyonya joto hilo. Chuma hukinyang'anya kidole joto haraka, ubao hulinyonya polepole, na ndiyo sababu chuma huonekana baridi zaidi hata vyote viwili vikilala katika chumba kimoja. Kidole hicho kilichagua chenyewe mwendo wa kufanya kulingana na kilichokwisha kukihisi, na kikatambua aina 117 za nyuso kwa usahihi wa asilimia 95.4.

Njia nyingine ni ya GelSight, iliyoanzia MIT, taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, Marekani, mwaka 2009 kwa kazi ya Micah Johnson na Edward Adelson: jeli laini iliyopakwa utando unaorudisha mwanga, taa za rangi pembeni, na kamera ndogo nyuma yake. Kitu kikibonyezwa juu ya jeli, jeli hubeba umbo lake, na kamera husoma mikwaruzo ambayo jicho la mtu haliioni. Watafiti wengine wanasema hata ngozi si lazima. Mwaka 2025 kundi lililowahusisha MIT, Amazon Robotics na Chuo Kikuu cha British Columbia lilionyesha roboti inayokiinua na kukitikisa kitu, kama mtu anayetikisa nazi kusikiliza maji, kisha ikakadiria uzito au ulaini wake kwa kusoma tu jinsi viungo vya mkono wake vilivyojongea. Kompyuta huuiga mwendo huo na kurekebisha makisio yake mpaka mwendo wa kuiga na mwendo halisi vifanane.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haimo viwandani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, waliunganisha vihisi, yaani vifaa vinavyopima mguso, vya mkono bandia na mishipa ya fahamu ya mtu aliyekatwa mkono, na mtu huyo akaweza kung'oa vikonyo vya cheri bila kuziponda. Mtu akirudishiwa hisi ya kushika bila kuharibu, amerudishiwa sehemu ya maisha yake, na yeyote anayeipinga teknolojia ya mguso kwa jumla ana wajibu wa kumjibu mtu huyo kwanza.

Upande wa pili unaonekana vizuri zaidi kazini. Huko Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachosifika kwa uundaji wa majahazi, fundi akiletewa ubao wa mbambakofi hatosheki na kuutazama. Hupitisha kiganja kufuata nyuzi za mti, huugonga kwa kisigino cha tezo, huunyanyua upande mmoja kuona kama uzito unalingana na unene, na akitilia shaka mahali huchomeka ncha ya patasi. Ubao uliooza ndani hutoa sauti butu. Ubao mbichi huwa mzito kuliko unavyoonekana, na ukishapigiliwa kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, utakauka, upinde, na mshono uliotiwa kalafati ya kuzuia maji ufunguke.

Kusugua, kugonga, kuinua na kuchoma ni miendo ambayo roboti inaweza kuifanya, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mashine haiwezi kwa sababu haina roho. Hoja hiyo ni dhaifu. Tatizo ni kwamba swali la fundi si ubao huu una ugumu kiasi gani leo. Swali lake ni ubao huu utakuwaje baada ya misimu kadhaa ya kusi na kaskazi katika maji ya chumvi. Anaunganisha anachokihisi sasa na majahazi aliyoyaona yakirudi pwani kupasuliwa na kutengenezwa upya. Mtetezi wa roboti atajibu kwamba mashine nayo ipewe kumbukumbu hizo. Sawa, lakini zitatoka wapi? Picha hukusanywa bila mtu kuondoka kitini, ilhali kumbukumbu ya mguso hupatikana kwa kugusa, kitu kimoja baada ya kingine, na ile iliyokusanywa kwa kidole cha aina moja haihamii kwa urahisi kwenye kidole chenye umbo na ngozi tofauti. Zile nyuso 117 zilikuwa orodha iliyojulikana mapema. Mti ambao haumo katika orodha ni jambo jingine kabisa. Hata ile njia ya kutikisa huhitaji kompyuta iwe na mfano wa kidijitali wa roboti na wa kitu chenyewe kabla ya kuanza kukadiria, na gogo lililotoka porini halina mfano wowote.

Kuna pia uchakavu. Jeli na ngozi laini huchubuka kwa kusuguliwa mara kwa mara, na kila zikibadilishwa kidole hulazimika kusawazishwa upya. Kiganja cha fundi nacho huota sugu, lakini hujirekebisha chenyewe akiendelea na kazi.

Lililo zito zaidi kwangu ni la haki. Mwaka 2019 watafiti wa MIT walitengeneza glavu yenye vihisi 548, kwa vifaa vya gharama ya dola 10 hivi, wakarekodi jinsi mkono wa mtu unavyoshika vitu 26. Glavu ya bei hiyo inaweza kufika Matondoni kesho. Fundi akiivaa kwa siku kadhaa akichagua mbao, maarifa aliyorithi kwa baba na babu yake yatakuwa faili, na faili hilo litakuwa mali ya nani? Wanaounga mkono husema kwamba kurekodi kutauhifadhi ufundi ambao vijana wanauacha, na kweli wanauacha. Lakini kuhifadhi bila mkataba ni kuchukua. Naamini fundi anastahili malipo ya kazi ya kufundisha, mbali na ujira wake wa siku, na sehemu ya mapato ya chochote kitakachouzwa kutokana na mkono wake.

Kwa sasa nauona mguso wa roboti kuwa chombo cha kupimia kinachofaa kukaa kando ya fundi, kikimsaidia kugundua uozo ambao sauti haikuutoa. Wanaodai zaidi ya hapo wana njia rahisi ya kutuonyesha. Wailete roboti yao kwenye karakana iliyo wazi kando ya bahari, ipewe mbao ambazo haijafunzwa, nyingine kavu, nyingine mbichi, nyingine zilizooza ndani. Roboti itoe hukumu yake na fundi atoe yake, zote ziandikwe kabla ya kazi kuanza, kisha kila ubao upasuliwe kwa msumeno mbele ya watu. Matokeo yatangazwe yote, pamoja na mbao ambazo kila mmoja alizikosea, na gharama ya mbao zilizokatwa wailipe wao.