Bordalás: miaka 24 ya madaraja ya chini na mpira unaogawa watu

Agosti 2017 José Bordalás alikaa kwa mara ya kwanza kwenye benchi la timu ya Ligi Kuu ya Hispania, Getafe, akiwa kocha mkuu. Alikuwa na miaka 53. Ukocha aliuanza mwaka 1993 na timu ya akiba ya Alicante, mji aliozaliwa, baada ya majeraha kumkatisha uchezaji kabla hajafikisha miaka 30. Kila ubishi unaomhusu mtu huyu, uwe wa wanaosema amedhulumiwa au wa wanaosema anaua soka, mizizi yake iko kwenye miaka hiyo 24 aliyozunguka chini kabla ya kuonekana.

Mpaka mwaka 2012 karibu kazi yake yote ilikuwa ndani ya mkoa mmoja. Benidorm, Eldense, Mutxamel, Alicante, Alcoyano, Hércules, Elche: ukiwa na gari unaweza kupita kwenye viwanja vyote hivyo kwa siku moja na jua likakukuta umesharudi nyumbani. Daraja la tatu la enzi hizo, Segunda B, lilikuwa na klabu 80 katika makundi manne, na zilizopanda zilikuwa nne tu. Kwa miaka mingi hata kuongoza kundi lako hakukutosha. Ulicheza mechi 38, ukamaliza juu ya wenzako 19, halafu ukaingia kwenye mechi za mchujo ambako kosa moja la kipa lilifuta kazi ya miezi tisa. Kocha aliyelelewa humo anajifunza jambo moja mapema: mechi ni ya kutopoteza kwanza.

Elche ndiyo iliyomuumiza zaidi. Juni 2011 aliifikisha fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu dhidi ya Granada. Ugenini 0-0, nyumbani 1-1, na Granada ikapanda kwa kanuni ya bao la ugenini, lililohesabiwa zaidi kwenye sare, bao lililofungwa na Odion Ighalo wa Nigeria. Hakuna mechi aliyopoteza kati ya hizo mbili. Mwaka uliofuata akatimuliwa, kiangazi akaja kocha Fran Escribá, na mwaka 2013 Elche ikapanda ikiwa bingwa wa daraja la pili. Bordalás wakati huo alikuwa Alcorcón, klabu ya kitongoji cha Madrid, ambako alifika tena kwenye mchujo na kukwama tena. Kisha ikaja Alavés. Mwaka 2016 aliitwaa Segunda, yaani daraja la pili, kwa pointi 75, Leganés wakiwa na 74, na kuirudisha klabu hiyo Ligi Kuu baada ya miaka kumi. Hawakuendelea naye. Ligi Kuu akapewa Mauricio Pellegrino, beki wa zamani wa Valencia na Barcelona.

Wanaomtetea huanzia hapo, nami katika hilo nipo upande wao. Hispania ina njia mbili za kufika juu. Waliokuwa nyota uwanjani hupewa timu B ya klabu kubwa kama darasa la mafunzo: Guardiola alianzia Barcelona B, Zidane akapitia Castilla, timu B ya Real Madrid, Xabi Alonso akapewa timu B ya Real Sociedad. Sisemi hawakustahili, maana walichofanya baadaye kinaonekana. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyelazimika kupandisha klabu na kuona mwingine akiingia nayo Ligi Kuu. Mashabiki wa Simba wanamkumbuka Pablo Franco, Mhispania aliyefika Dar es Salaam Novemba 2021, akabeba Kombe la Mapinduzi, akaifikisha timu robo fainali ya Kombe la Shirikisho na kutolewa na Orlando Pirates kwa penalti, kisha akaondoka mwisho wa Mei baada ya kufungwa na Yanga nusu fainali ya FA. Huyu naye alikabidhiwa Getafe Machi 2015 ikiwa taabani, akainusuru isishuke, na msimu ulipoisha akaachwa. Aliyechukua nafasi yake? Escribá yule yule. Mwaka mmoja baadaye Getafe ikashuka.

Na ni Getafe hiyo, iliyoshuka, iliyompigia simu Bordalás Septemba 2016 ikiwa imezama hadi eneo la kushuka hata huko daraja la pili. Juni 2017 ilikuwa imepanda kwa mchujo, baada ya kuzitoa Huesca na Tenerife. Msimu wa kwanza Ligi Kuu ikamaliza ya 8. Msimu wa 2018/19 ikawa ya 5 kwa pointi 59, pointi mbili tu nyuma ya Valencia iliyokwenda Ligi ya Mabingwa. Mabao yaliletwa na watu ambao soka kubwa halikuwahi kuwatafuta. Jorge Molina, mzaliwa wa Alcoy, alikuwa na miaka 37 msimu ulipoisha. Jaime Mata alikuwa hajawahi kucheza Ligi Kuu mpaka alipofika Getafe akikaribia miaka 30, na Machi 2019 akavaa jezi ya timu ya taifa. Kila mmoja alifunga mabao 14 ya ligi. Nyuma yao alisimama Djené Dakonam wa Togo, ambaye Bordalás alikuwa naye Alcorcón alipokuja Ulaya akitokea Coton Sport ya Cameroon.

Sasa tuangalie kinachochukiwa. Chukua mpira mmoja tu, goli kiki ya timu pinzani inayopenda kuanzia nyuma. Washambuliaji wawili wa Getafe wanasimama ukingoni mwa boksi, kila mmoja na beki wake wa kati. Kipa akimpa beki pasi, mshambuliaji anamkimbilia kwa pembe inayomsukuma kuelekea mstari wa pembeni. Winga anapanda juu kwa beki wa pembeni, kiungo anambana anayekuja kupokea, safu ya ulinzi inasogea hadi karibu na katikati ya uwanja kutega kuotea. Mpira ukinaswa hapo, ni nafasi ya bao. Usiponaswa na mpinzani akafanikiwa kugeuka, anaangushwa papo hapo, mita sitini kutoka langoni kwa Getafe, mahali ambapo mwamuzi mara nyingi anapuliza filimbi bila kutoa kadi. Filimbi ikilia, wote wanarudi kwenye nafasi zao. Rafu hiyo ni sehemu ya mpango kama ilivyo pasi.

Kwa mtazamaji ni karaha. Mechi inakatika katika, mpira unakuwa nje muda mrefu, mtu anagusana na mwenzake kidogo na kubingirika nyasini. Februari 2020 Getafe iliitoa Ajax kwenye Ligi ya Europa kwa jumla ya 3-2, miezi tisa baada ya Ajax hiyo kucheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na picha iliyozunguka zaidi baada ya mchezo wa Amsterdam ilikuwa ya Ryan Babel wa Ajax akijitupa chini kumwigiza Allan Nyom wa Getafe kwa kejeli. Agosti 2023 Barcelona ilitoka 0-0 Getafe kwenye mechi ambayo makocha wote wawili, Xavi na Bordalás, walioneshwa kadi nyekundu. Anayetaka pira biriani, soka tamu la kutazama, hataenda kulitafuta Getafe, na lawama za namna hii hazitoki kwa wapenda urembo peke yao. Mtu aliyenunua tiketi ana haki ya kuona mpira ukichezwa.

Hoja ya kujibu ni kwamba mnyonge hana njia nyingine. Getafe ni klabu ya mji ulio kusini mwa Madrid, imefunikwa na Real na Atlético, na uwanja wake hauingizi hata watu elfu ishirini. Hoja hiyo ninaikubali nusu. Kocha Míchel naye ametokea madaraja ya chini. Alipandisha Rayo Vallecano mwaka 2018, Huesca 2020 na Girona 2022, na msimu wa 2023/24 Girona yake ikamaliza ya tatu kwa pointi 81 ikicheza pasi tangu kwa kipa. Ni kweli Girona ina mgongo wa kundi linaloimiliki Manchester City, lakini Rayo na Huesca hazikuwa na mgongo huo. Kwa hiyo daraja la chini halimlazimishi kocha kucheza kwa rafu. Linamlazimisha kupata pointi, na njia ya kuzipata Bordalás ameichagua mwenyewe. Tumheshimu kwa kukubali kwamba amechagua.

Kuna udhaifu mwingine ambao watetezi wake hawapendi kuugusa: mpira huu unachosha miguu. Ligi iliposimama Machi 2020 kwa ajili ya korona, Getafe ilikuwa ya 5. Iliporejea na mechi kubanana ndani ya wiki chache za joto, ikaporomoka hadi ya 8, na Agosti ikatolewa na Inter kwa 2-0, Molina akikosa penalti ambayo ingesawazisha. Msimu uliofuata ilimaliza ya 15 kwa pointi 38. Kikosi kilikuwa karibu kile kile, ila pumzi ilikuwa imekwisha. Mfumo unaotaka kila mtu akimbie hadi mwisho hauna gia ya chini.

Ndipo ikaja Valencia, nafasi pekee aliyopata kwenye klabu yenye jina kubwa. Wengi wanautaja msimu ule wa 2021/22 kama ushahidi kwamba hawezi kwenda juu zaidi, kwa kuwa alimaliza wa 9 na Juni akatimuliwa. Nadhani hukumu hiyo ni ya haraka. Klabu ilikuwa katikati ya ugomvi kati ya mashabiki na mmiliki Peter Lim, na Januari ilimuuza Daniel Wass kwa Atlético. Pamoja na hayo aliifikisha fainali ya Kombe la Mfalme. Betis walitangulia, Hugo Duro, kijana aliyekulia Getafe, akasawazisha, na kombe likaamuliwa kwa penalti, 5-4. Kwa penalti moja angekuwa na kombe mkononi, na mazungumzo yote kuhusu kiwango chake yangekuwa mengine. Hata hivyo hakuna klabu nyingine kubwa iliyombisha hodi. Aprili 2023, zikiwa zimebaki mechi saba, Getafe ilimwita tena aiokoe isishuke. Akaiokoa.

Kwangu swali la kama mpira wake ni mzuri au mbaya lina uzito mdogo kuliko hili: nani angewaona watu anaowaona yeye? Kiangazi cha 2024 Getafe, ikiwa haina pesa, ilimchukua Christantus Uche, Mnigeria wa miaka 21 aliyekuwa Ceuta, daraja la tatu. Alikuwa kiungo. Bordalás akamsogeza mbele kuwa mshambuliaji, na mechi yake ya kwanza Ligi Kuu, dhidi ya Athletic mjini Bilbao, akafunga bao la kusawazisha kwa kichwa. Kocha ambaye hakuwahi kupita Segunda B angekuwa na skauti wa kumletea jina, labda na video. Asingekuwa na macho ya mtu aliyekaa miaka mingi kwenye viwanja vya aina ile akijua ni nini kinachobebeka kwenda juu.

Mwaka mmoja baadaye Uche alikuwa Crystal Palace kwa mkopo, kwa sababu hesabu za klabu hazikukaa sawa na sheria ya mishahara ya ligi. Msimu huo huo wa 2025/26 Getafe ilifungua pazia Vigo dhidi ya Celta ikiwa na wachezaji wachache tu wa kikosi cha kwanza waliosajiliwa. Bordalás alikuwa amelalamika hadharani kabla ya mechi, na watu wakajiandaa kuona timu ikichapwa. Ikashinda 2-0.